Bahari ya Kilifi ni ya umma, lakini njia ya kuingia majini ni ya nani?

MTU asiye na mashua anayetaka kuyaona matumbawe ya Malindi, Watamu au Kilifi kwa macho yake hukabiliwa na maswali mawili. La kwanza ni mahali gani pana mwamba unaostahili kutazamwa. La pili, ambalo wageni wengi hawalifikirii mpaka wafike, ni wapi pana kichochoro cha kumfikisha majini bila ya kufukuzwa na bawabu.

Huenda msomaji akadhani kwamba haya ni mambo ya watalii na starehe zao. Sivyo. Mwanafunzi wa Ganze au Kaloleni ambaye hajawahi kumwona pono akiwa hai ndani ya maji, mvuvi wa pweza anayeingia mwambani kwa miguu maji yanapokupwa, na kijana wa Vipingo anayejipatia riziki kwa kuwaongoza wageni, wote hao wanaitegemea njia hiyo hiyo moja. Ikizibwa, hasara ya mtalii ni ndogo kuliko zote, kwani yeye ana nauli ya mashua.

Katika kisiwa cha Bonaire, kilichoko Karibiani karibu na pwani ya Venezuela na ambacho ni sehemu ya Uholanzi, suala hili lilitatuliwa kwa mawe. Kando ya barabara ya pwani yamewekwa mawe yaliyopakwa rangi ya manjano, kila moja likiwa na jina la mahali pa kuzamia. Mgeni hukodi gari, hupakia mitungi ya hewa, husimama penye jiwe alilolichagua na kuingia baharini kwa miguu yake mwenyewe. Maeneo yaliyotiwa alama kwa namna hiyo yanazidi 50.

Nyuma ya mawe hayo ipo sheria. Tangu mwaka wa 1979, bahari yote inayokizunguka kisiwa hicho, kuanzia mpaka wa maji kujaa hadi kina cha mita 60, ni hifadhi. Tangu 1992 wazamiaji wamekuwa wakitozwa ada ya kuitunza. Kwa hivyo anayeingia majini pale huwa amekwisha kujua mambo matatu: mahali alipo, mwenye mamlaka juu ya maji hayo, na kule ziendako pesa zake.

Haitakuwa haki, hata hivyo, kuilinganisha pwani yetu na Bonaire bila ya kuitaja tofauti ya maumbile. Upande wa magharibi wa kisiwa hicho umekingwa na upepo, mwamba wake huanza hatua chache kutoka nchi kavu kisha huteremka ghafla kilindini, na maji hupanda na kushuka kwa chini ya nusu mita. Mzamiaji anaweza kuingia asubuhi, adhuhuri au jioni, na akayakuta maji palepale alipoyaacha.

Kwetu mambo ni mengine. Kuanzia Mtwapa hadi Malindi, mwamba umejitenga na ufuo kwa mamia ya mita, na pengine kwa zaidi ya kilomita nzima. Kati ya ufuo na mwamba pana maji ya kina kifupi yenye mchanga, majani ya bahari na vichuguu vya matumbawe vilivyotawanyika. Kilindi chenyewe, ambako wazamiaji wa mitungi hupendelea kwenda, kiko ng'ambo ya mwamba, mahali mawimbi yanapovunjikia. Huko hakufikiwi kwa kuogelea. Hufikiwa kwa mashua.

Ndiyo kusema kwamba tunapozungumzia kuzamia kutoka ufuoni katika kaunti ya Kilifi, kwa sehemu kubwa tunazungumzia miwani, mrija wa kupumulia na pumzi ya mtu mwenyewe. Si jambo la kuonewa haya. Ndani ya mwamba mna uhai mwingi, na chombo kinachohitajika ni cha bei ambayo hata klabu ya shule inaweza kuimudu.

Chaguo la kwanza basi si mahali bali ni wakati. Tofauti ya maji kujaa na kupwa katika pwani ya Kenya hukaribia mita 4 siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Katika siku hizo maji hukupwa kabisa majira ya saa nne asubuhi na kujaa majira ya saa kumi jioni. Mgeni anayefika ufuoni saa nne akiwa na miwani yake mkononi hukuta mwamba uko wazi, wavuvi wanatembea juu yake, na hakuna mahali pa kuogelea isipokuwa kwenye madimbwi.

Juma moja baadaye, wakati wa maji mafu, mpangilio hugeuka. Saa nne asubuhi maji huwa yamejaa, japo si kwa wingi, na mikondo huwa imepungua nguvu. Huo ndio wakati wa anayeanza kujifunza. Hesabu hii, ambayo mtoto wa mvuvi wa Mayungu au Takaungu huijua kabla ya kuota ndevu, haipatikani kwenye kibao chochote nilichowahi kukiona ufuoni.

Ipo pia tofauti ya kuingia maji yakija na kuingia yakitoka. Maji yanayokuja hutoka bahari kuu, nayo huwa mangavu. Yanayotoka hubeba mchanga na uchafu wa ufuoni, na mbaya zaidi, huelekea kwa kasi kwenye milango ya mwamba ambamo vyombo hupitia. Mwogeleaji aliyechoka akichukuliwa na mkondo huo hujikuta nje ya mwamba, mahali ambapo kurudi kwa mikono mitupu ni kazi ngumu mno. Anayejua huingia saa moja au mbili kabla ya maji kujaa, na hutoka kabla hayajaanza kupwa kwa nguvu.

Baada ya maji huja upepo. Kusi, inayovuma takriban kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba, huyakoroga maji na kuyapandisha mawimbi. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, huleta bahari tulivu. Kati yake pana matlai, ambapo bahari hulala. Wenye hoteli na wenye mashua wote huuza kaskazi kama msimu wa kuzamia, na kwa jumla hawakosei.

Isipokuwa Malindi. Hapa ndipo lilipo fumbo la pwani hii, na linastahili kuelezwa kwa kirefu.

Mto Sabaki huanzia nyanda za juu karibu na Nairobi ukiitwa Athi, hukutana na mto Tsavo na kuitwa Galana, kisha hupita nyuma ya Malindi na kuingia baharini kati ya mji huo na Mambrui. Mvua zinyeshapo bara, mto hushuka ukiwa mwekundu kwa udongo wa mashamba ya Ukambani na kwingineko. Wakati wa kusi, mkondo wa bahari husukuma tope hilo kaskazini, upande wa Mambrui na Ngomeni. Wakati wa kaskazi, upepo hulirudisha kusini, hadi mbele ya mji wa Malindi.

Matokeo yake ni kwamba msimu uleule ambao bahari imetulia ndio msimu ambao tope huelekea Malindi, hasa mvua za vuli zinapokuwa zimenyesha vizuri huko juu. Ghuba ya mji huwa na rangi ya chai ya maziwa. Mgeni aliyelipa nauli kutoka Nairobi aje kuyaona maji ya samawati kama ya kwenye kadi za posta husimama Buntwani akajiuliza kama amepotea njia.

Tope hili si la jana, lakini pia si la tangu dunia kuumbwa. Mwaka wa 2007 wanasayansi walichapisha matokeo ya uchunguzi wa tumbawe kubwa la Malindi lenye umri wa miaka ipatayo 300. Matumbawe hukua kwa matabaka ya kila mwaka, kama miti, na katika matabaka hayo hubaki alama za madini yaliyoletwa na mto. Ilibainika kwamba kuanzia mwaka wa 1700 hadi 1900 kiasi cha udongo uliotoka Sabaki hakikubadilika sana. Kuanzia 1900 kimekuwa kikipanda bila ya kukoma, kadiri ardhi ya bara ilivyozidi kulimwa na kulishiwa mifugo.

Kwa maneno mengine, uamuzi wa mkulima wa Machakos kuhusu matuta ya shamba lake unafika hadi kwenye miwani ya mzamiaji wa Malindi. Hakuna sheria ya kaunti ya Kilifi inayoweza kulirekebisha hilo peke yake.

Basi anayechagua Malindi afanye hivyo Februari au Machi, mto unapokuwa umepungua, na aende kusini ya mji, upande wa Casuarina, liliko lango la Mbuga ya Kitaifa ya Baharini. Mbuga hiyo na ile ya Watamu zilianzishwa mwaka wa 1968, zikiwa miongoni mwa za kwanza za aina hiyo barani Afrika. Ya Malindi ina eneo la kilomita 6 hivi za mraba, na ya Watamu kilomita 10. Uvuvi wa aina yoyote ndani yake umepigwa marufuku, na ada hulipwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), hata na anayeingia kwa miguu.

Hata hivyo, matumbawe mazuri ya mbuga ya Malindi yako mbali na ufuo, na wengi huyafikia kwa mashua zenye sakafu ya kioo. Kwa anayetaka kuogelea kutoka nchi kavu, hapa hapamfai sana. Vivyo hivyo Mayungu, kati ya Malindi na Watamu, ambako fungu la mchanga huibuka maji yanapokupwa na wageni hupelekwa kwa vyombo. Ni pazuri kwa picha. Kwa samaki, pana wastani tu.

Watamu ndiyo yenye jibu la karibu zaidi na lile la Bonaire. Ghuba zake zina visiwa vidogo vya mawe vilivyoliwa chini na mawimbi mpaka vikafanana na uyoga, na pembeni mwa mawe hayo mna samaki wa rangi zote. Sehemu inayojulikana kama Bustani ya Matumbawe iko takriban mita 300 kutoka ufuoni. Mwogeleaji hodari anaweza kuifikia, ingawa ni busara kuongozana na mtu wa hapo, kwa kuwa njia ya mashua hukatiza katikati na nahodha hatarajii kukiona kichwa cha mtu.

Jambo ambalo halifai kujaribiwa kwa miguu ni mlango wa hori ya Mida. Huko ndani yamo mapango ambayo wazamiaji huyaita ya tewa, kwa sababu ya samaki hao wakubwa wanaokaa humo. Maji yote ya hori, yenye mikoko pande zote, hutoka na kuingia kupitia mlango huo mwembamba. Wazamiaji wazoefu huingia pale kwa dakika chache tu maji yanapotulia, wakiwa na mashua juu yao.

Hori ya Kilifi ina hatari kidogo kuliko hiyo lakini pia ina kidogo cha kuonyesha. Maji yake ni ya kijani, na uzuri wake uko juu zaidi kuliko chini, kwa anayekaa Mnarani na kutazama machweo. Vuma, karibu na Takaungu, ni majabali yanayopigwa na bahari kuu moja kwa moja bila ya mwamba wa kuyakinga. Kwa vile neno kuvuma latosha kumweleza Mswahili hali ya mahali, sitalizungumzia zaidi, ila kusema kwamba samaki wakubwa wanaopita nje ya majabali hayo ni wa anayekuja kwa mashua, si wa anayerukia majini kutoka juu.

Sasa tufike Kuruwitu, ambako kwa maoni ya mwandishi huyu ndiko penye funzo kubwa kuliko kote.

Kuruwitu iko upande wa Vipingo, kusini ya mji wa Kilifi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wavuvi wa huko waliona madema yao yakirudi matupu. Mwaka wa 2003 waliunda chama cha uhifadhi na ustawi, na 2005 wakakubaliana kuifunga sehemu ya bahari yao yenye ukubwa wa hekta 30, sawa na ekari zipatazo 75, isivuliwe kabisa. Hawakuamriwa na KWS wala na wizara. Walijinyima wenyewe, na ikumbukwe kwamba wengine miongoni mwao hawakukubali hata kidogo, kwa kuwa sehemu iliyofungwa ndiyo iliyokuwa karibu na rahisi kufikiwa na mzee asiye na mtumbwi.

Mwaka wa 2017 Kuruwitu ilipata Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP), pamoja na mradi wa mikoko wa Gazi, Kwale. Eneo hilo la tengefu, kama linavyoitwa, liko ndani ya mwamba. Mgeni huingia kutoka ufuoni, hulipa ada kwa wenyeji na huongozwa na wenyeji. Hapa, kinyume na mbugani, pesa haziendi kwanza makao makuu Nairobi.

Tofauti ya maji yaliyofungwa na yaliyo wazi huonekana hata kwa asiye mtaalamu. Atazame chini. Akikuta viumbe wa miiba mirefu myeusi wamejaa kila ufa wa mwamba, ajue hapo pamevuliwa kupita kiasi. Sababu imechunguzwa kwa miongo kadhaa katika miamba ya Kenya na Tim McClanahan na wenzake wa shirika la Wildlife Conservation Society. Samaki aitwaye kikande huwala viumbe hao wa miiba. Kikande akimalizwa na ndoano na madema, wao huzaana bila ya kizuizi, huuguguna mwamba, na matumbawe hushindwa kukua. Katika sehemu zilizofungwa kwa muda mrefu, kikande hurudi na miiba hupungua.

Mwenye kutafuta mahali pa kuzamia basi ana kipimo cha bure: ahesabu miiba. Kipimo hicho kitamsaidia pia asikanyage kitu ambacho atakikumbuka kwa juma zima.

Yapo mambo ambayo hata tengefu haiyazuii. Joto la bahari la mwaka wa 1998, lililoambatana na El Nino, liliyafanya matumbawe ya Kenya yageuke meupe na sehemu kubwa yake kufa. Mwaka wa 2016 joto lilirudi, na Aprili 2024 ikatangazwa rasmi kwamba dunia imo katika tukio la nne la matumbawe kugeuka meupe kila pembe. Matumbawe ya matawi na ya mfano wa sahani hutangulia kufa. Yale ya mviringo, mfano wa mawe makubwa, hustahimili. Anayezamia leo akiwa na picha za miaka ya 1980 akilini atahuzunika. Asiyewahi kuziona atafurahi.

Turudi kwenye kichochoro.

Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinasema bayana kwamba ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Inashikiliwa na serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi na kusimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi (NLC). Sakafu ya bahari nayo ni ya umma. Kwa mujibu wa sheria, hakuna mwenye hoteli wala mwenye jumba la kifahari anayemiliki mchanga ambao maji huufikia, sembuse matumbawe yaliyo mbele yake.

Tatizo liko juu ya alama hiyo. Kanuni za upimaji ardhi za 1994 zinaelekeza kwamba ardhi ya serikali isiyogawiwa, iliyopakana na bahari, inapopimwa ili itolewe, kwa kawaida ibakizwe sehemu ya upana usiopungua mita 60 juu ya alama ya maji kujaa. Msomaji makini ataona mianya miwili. Neno "kwa kawaida" ni la kwanza. La pili ni kwamba kanuni hiyo inahusu ardhi ambayo ilikuwa bado haijagawiwa, ilhali sehemu kubwa ya ufuo wa Kilifi na Malindi ilikuwa na wenyewe kwenye makaratasi zamani sana.

Chanzo ni sheria ya hatimiliki ya mwaka wa 1908. Chini yake, waliokuwa na ushahidi wa umiliki katika ukanda wa maili kumi walipewa hati za kibinafsi, na ardhi isiyothibitishwa ikawa ya serikali ya kikoloni. Wamijikenda, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo na si ya mtu mmoja, hawakufua dafu. Hati hizo zimeuzwa na kurithiwa tangu hapo. Si ajabu, basi, kwamba leo kijiji kinaweza kuwa mita 500 kutoka baharini na bado wakazi wake wakazunguka kilomita kadhaa kuifikia.

Katika ramani za upimaji huwekwa vichochoro vya umma kati ya viwanja. Malalamiko ya wakazi wa pwani kwa miaka mingi ni kwamba vingine vimezibwa kwa kuta, vingine vimepandwa maua na kuwekwa lango, na vingine havijawahi kufunguliwa. Mwandishi huyu aliwahi kuonyeshwa kichochoro ambacho kwenye ramani kina upana wa barabara ya gari, na kwa macho kilikuwa na upana wa mbuzi mmoja aliyekonda.

Hapo ndipo hali yetu inapogeuka kuwa ya kusikitisha. Palipo na uwanja wa wazi, kama Buntwani mjini Malindi, maji mara nyingi ni tope. Palipo na maji mangavu, kusini ya Watamu na kuelekea Vipingo, mara nyingi mlango umefungwa. Anayechagua mahali pa kuzamia kutoka ufuoni hachagui baina ya miamba, bali baina ya milango michache iliyobaki.

Watakaopinga wapo, na hoja zao si za kupuuzwa. Wenye mashua wa Malindi na Watamu hulisha jamaa zao kwa nauli ya wageni; mgeni akiingia mwenyewe kwa miguu, nani atawalipa? Maafisa wa uhifadhi nao wanaogopa miguu mingi juu ya matumbawe, na wana sababu. Hata Bonaire, pamoja na mpangilio wake wote, mwaka wa 2023 ulithibitishwa ugonjwa unaoua matumbawe, na baadhi ya maeneo yakafungwa ili wazamiaji wasiueneze kwa vifaa vyao.

Lakini hofu ya miguu mingi ni hoja ya kuweka njia rasmi, wala si ya kuziziba. Njia isiyo rasmi haina kibao, haina mlinzi, haina mtu wa kukueleza saa ya maji. Na mashua zitabaki na kazi: kilindi kiko ng'ambo ya mwamba, mapango ya Mida hayafikiwi kwa miguu, na kila mwogeleaji anahitaji chombo cha kumtazama. Mgeni aliyeanza kwa mrija Jumatatu ndiye atakayelipia mashua Alhamisi.

Kazi ya kuanzia si kubwa. NLC na idara ya ardhi ya kaunti zina ramani. Zinaweza kuchapisha orodha ya vichochoro vyote vya umma kutoka Mtwapa hadi Sabaki, kimoja kimoja, kisha kuvitia vigingi. Palipozibwa, ijulikane ni nani aliyeziba na kwa hati gani. Usimamizi wa ufuo ukabidhiwe vikundi vya BMU, ambavyo vimekuwepo kisheria tangu kanuni za 2007, pamoja na sehemu ya ada.

Kisha kila kichochoro kilichofunguliwa kiwekewe jiwe na kibao chenye mambo manne: jina la mahali, saa za maji kujaa na kupwa kwa mwezi huo, uliko mlango wa mwamba wenye mkondo, na iwapo eneo hilo ni mbuga, hifadhi ya kawaida au tengefu. Rangi yoyote itafaa. Kuruwitu, ambako wenyeji tayari wanajua nani anaingia, anaingilia wapi na analipa nini, panaweza kuwa pa kwanza, na kitakachohitajika pale ni jiwe, kopo la rangi na sahihi ya afisa mmoja wa ardhi.